Moto Uonekanao Kutoka Juu

Mhunzi atoapo jembe katika moto, chuma chake ni chekundu, na kila akionaye hujua kwamba ni cha moto. Baada ya kitambo wekundu hutoweka, kikawa cheusi kama kwanza. Lakini mtoto akikaribisha mkono, kabla hajakigusa, ngozi yake humwambia habari ambayo macho hayakuipata. Kumbe chuma kile kingali kikitoa miali, ila haionekani kwa macho ya binadamu.

Mwaka 1800 William Herschel, mtaalamu wa nyota aliyekaa Uingereza, aliupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, ukagawanyika rangi kama upinde wa mvua. Akaweka kipimajoto katika rangi hizo. Alipokiweka nje kidogo ya nyekundu, mahali pasipo rangi yoyote, joto lilizidi kupanda. Miali hiyo yaitwa infraredi.

Basi si chuma cha mhunzi peke yake. Mawe, maji ya mto Mara, ng'ombe zizini, hata barafu, kila kitu hutoa miali hiyo, na kizidicho joto huzidi kuitoa. Kwa hiyo mwenye chombo cha kuipima aweza kujua joto la nchi asiikanyage. Chombo cha namna hiyo kiliwekwa katika satelaiti ya Marekani, Suomi NPP, iliyorushwa tarehe 28 Oktoba 2011 kuizunguka dunia, kilometa 824 hivi juu ya ardhi. Ilipangwa ipite juu ya nchi yapata saa saba na nusu mchana, na tena saa saba na nusu usiku.

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mwamba na shamba tupu huwa moto sana mchana wa kiangazi. Msitu mbichi huwa na joto dogo, kwa kuwa majani hutoa mvuke na kujipoza, kama mtu atokwavyo na jasho. Ziwa Viktoria nalo lina ajabu yake: mchana huonekana la baridi, na usiku huonekana la moto kuliko nchi kavu, maana maji hayapati joto upesi wala hayapoi upesi.

Lakini kazi yake kubwa katika nyika ni kuona moto. Chombo hicho hugawa nchi katika viraba, kila upande mita 375. Moto usiojaza kiraba huweza kuonekana, maana majani yawakayo hutoa miali mingi mno. Mwamba uliochomwa na jua ungeweza kudhaniwa ni moto. Ndiyo sababu kila kiraba hulinganishwa kwanza na jirani zake.

Walakini mawingu humziba macho mlinzi huyo wa juu. Tena mchungaji aonaye moshi saa nne asubuhi asiingoje satelaiti. Moto wa nyasi kavu hukimbia na upepo, nao waweza kumaliza malisho na kufika nyumbani kwa watu kabla ya saa saba. Kwa hiyo walinzi wa hifadhi ya Serengeti huchoma baadhi ya majani mapema, mwanzoni mwa kiangazi, yangali na umajimaji, ili moto mkali wa baadaye ukose chakula.

Na moto uliozimika kabla satelaiti haijapita huacha alama. Majani mabichi hurudisha juu sehemu kubwa ya infraredi itokayo katika jua, bali jivu na makaa huimeza. Basi pale palipoungua huonekana kovu jeusi, hata mvua zinyeshe na majani machanga yachipuke.