Bahari Moja, Mafuriko Huku na Moto Kule

Wakazi wengi wakisikia kuwa dunia inaongezeka joto hutarajia ukame tu. Hiyo ni nusu ya habari. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Palipo pakavu, hewa hiyo hufyonza unyevu wa udongo haraka zaidi. Mvua ikifika, humwaga maji mengi kwa mpigo. Ndiyo maana mahali pamoja hukauka na pengine hufurika, nyakati nyingine kwa chanzo kimoja.

Mwishoni mwa 2019, maji ya Bahari Hindi upande wa Afrika Mashariki yalipata joto kuliko kawaida, huku yale ya karibu na Indonesia yakipoa. Hali hiyo hutokea yenyewe kila baada ya miaka kadhaa, lakini ya 2019 ilikuwa miongoni mwa kali zaidi kuwahi kurekodiwa, na wanasayansi wanatarajia vipindi vikali vya aina hiyo viongezeke dunia ikizidi kupata joto. Mvua ya vuli ilizidi kipimo. Mwezi Novemba, maporomoko ya ardhi yaliua zaidi ya watu 40 katika Pokot Magharibi. Ng'ambo ya bahari hiyo hiyo, Australia ilikuwa katika mwaka wake wenye joto na ukavu zaidi tangu rekodi zianze, na misitu yake iliwaka kwa miezi.

Kisha wakaja nzige. Vimbunga viwili vya 2018, Mekunu na Luban, vilikuwa vimelowesha jangwa la Arabuni, na wadudu hao wakazaliana humo bila kugunduliwa. Walivuka Yemen na Pembe ya Afrika, wakaingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019 na kukuta majani mabichi yaliyooteshwa na mvua ile ile. Mfugaji wa Samburu aliyeona malisho yakiliwa alikuwa akilipia, kwa sehemu, mvua iliyonyesha Oman.

Kufikia mwisho wa 2020 mambo yaligeuka. Misimu 5 ya mvua ilifeli mfululizo na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa nchini. Mafuriko yakarudi 2023 na 2024.

Kwa mkulima, maana yake ni kwamba kupanda kwa tarehe alizozoea babu ni kubahatisha. Mvua ya Oktoba hadi Desemba hufuata sana joto la Bahari Hindi, hivyo utabiri wake huaminika kuliko ule wa mvua ndefu za Machi hadi Mei. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kaunti kabla ya kila msimu. Afisa wa kilimo wa wadi anaweza kumweleza mkulima unamaanisha nini kwa shamba lake, na swali hilo lafaa kuulizwa kabla ya kununua mbegu. Wanaoishi kando ya mito nao wausubiri kwa makini, hata baada ya mwaka wa ukame.