Je, Wajua? Panya wa Kilo Moja na Maajabu ya Visiwa vya Solomon

Wewe huli nazi mpaka uwe na kifuo, panga na mkono wenye nguvu. Vika ana meno tu! Panya huyu anaishi kisiwa cha Vangunu, katika Visiwa vya Solomon kule Bahari ya Pasifiki, na wenyeji wanasema hutoboa kifuu mpaka afike kwenye nyama.

Ukubwa wake je? Kutoka puani hadi ncha ya mkia, karibu sentimita 46! Uzito wake unaweza kufika kilo 1. Paka wako akimwona, nadhani atajifanya amelala.

Sasa sikia hili. Panya mkubwa kiasi hicho aliwapiga chenga wanasayansi hadi mwaka 2015! Wenyeji walikuwa wakimtaja siku zote, na hata jina lake la kisayansi, Uromys vika, limetoka vinywani mwao. Wakata magogo wakaangusha mti mrefu, na panya akaanguka nao. Alipotangazwa rasmi mwaka 2017, alikuwa panya mpya wa kwanza kutambuliwa visiwani humo kwa zaidi ya miaka 80.

Lakini picha yake akiwa hai? Hakuna! Ikabidi kamera zifichwe msituni, na chambo kikawa taa za mafuta ya ufuta. Naam, ufuta ule ule wa kashata. Picha 95 zikapatikana, dunia ikaonyeshwa mwaka 2023, na panya waliomo ni wanne tu. Msitu wao wa mwisho unalindwa na watu wa Zaira. Tulia, si Zaire ya Mobutu. Zaira hii iko hapo hapo Vangunu.

Je, wajua kuwa nazi ya Solomon iliwahi kumwokoa rais wa Marekani? Agosti 1943, manowari ya Japani iliikata boti ya Luteni John F. Kennedy vipande viwili. Kennedy aliogelea karibu saa nne akimvuta mwenzake aliyeungua, mkanda wa jaketi la mwenzake ameuma kwa meno! Baadaye akachonga ujumbe kwenye ganda la nazi, na vijana wawili wa visiwani, Biuku Gasa na Eroni Kumana, wakaupeleka kwa mtumbwi katikati ya maadui. Alipokuwa rais, ganda lile lilikaa juu ya meza yake Ikulu.

Mabomu ya vita hiyo bado yamo ardhini Solomon. Unamjua fundi wa kuyanusa? Panya buku wetu wa Morogoro! Magawa, mzaliwa wa Tanzania, aligundua zaidi ya mabomu 100 huko Kambodia, na mwaka 2020 akavishwa nishani ya dhahabu ya ushujaa. Panya, bwana!

Visiwa vya Solomon vilipata uhuru lini? Julai 7, 1978. Saba Saba! Siku hiyo hiyo mwaka 1954 TANU ilizaliwa, na siku hiyo hiyo ndiyo UNESCO imeifanya Siku ya Kiswahili Duniani.

Karibu na Vangunu kuna volkeno chini ya bahari, inaitwa Kavachi. Mwaka 2015 wanasayansi walitumbukiza kamera ndani yake wakakuta papa wanaogelea. Ndani ya volkeno!

Na nywele je? Kati ya Wasolomon 100 wenye ngozi nyeusi tititi, watano hadi kumi wana nywele za rangi ya dhahabu, wamezaliwa nazo. Usiseme ni damu ya Mzungu: jeni yao ni nyingine kabisa.

Watu wa nchi hiyo hawafiki milioni moja, lakini lugha zao ni kama 70! Kiingereza ndicho rasmi, ila sokoni utasikia Kipijini.

Ukivuka hadi kisiwa jirani cha Bougainville, ambacho kiko chini ya Papua New Guinea, utakuta lugha ya Kirotokas. Kiswahili kina herufi 24. Kirotokas kina 12 tu! Shika kalamu ujaribu: A, E, G, I, K, O, P, R, S, T, U, V. Juma, pole, jina lako haliandikiki. Pesa utaiandika vizuri kabisa, ila deni hutaliandika.