Sayari Zisizo na Mwenyewe

Tarehe 15 Septemba 2017, chombo Cassini, ambacho kwa miaka 13 kilikuwa kikiizunguka sayari ya Zohali na kuwaletea wanafalaki habari zisizopata kujulikana kabla, kilielekezwa kwa makusudi katika hewa ya sayari hiyo, kikaungua na kutoweka. Hakikuwa kimeharibika, ila mafuta yake yalikuwa yakiisha, na waliokiongoza walichelea kwamba, kikiachwa kitange ovyo, huenda siku moja kikauangukia Enceladus, mwezi mdogo wenye upana wa kilomita 500 hivi, ambao Cassini chenyewe ndicho kilichofichua kuwa chini ya barafu yake mna bahari, na kwamba maji hufoka kwa nguvu katika nyufa za ncha yake ya kusini. Penye maji huenda pana uhai, na chombo kitokacho duniani aghalabu hakikosi vijidudu vya duniani.

Kujihadhari huku ni faradhi, maana Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967, katika kifungu cha tisa, unayakataza mataifa kuzitia sayari nyingine uchafu wenye madhara. Kazi yenyewe ina taabu: vyombo viwili vya Viking, vilivyotua Mirihi mwaka 1976, vilitiwa kwanza katika tanuri la joto lipitalo nyuzi 110 kwa saa nyingi, kwani wako bakteria wajifungao ndani ya ganda gumu wakastahimili ukame na baridi. Hata leo mafundi, waliojifunika gubigubi, hupangusa chombo kwa pamba, wakaotesha kilichonaswa na kuhesabu; na chombo cha kutua Mirihi, kisichotafuta uhai, hakiruhusiwi kupita bakteria 300 wa namna hiyo ya ganda kwa mita ya mraba.

Lakini kanuni hizo hulinda utafiti wa uhai tu. Mwezi wetu, maadamu haudhaniwi kuwa na uhai, hauna hifadhi kama hiyo. Aprili 2019 chombo cha Israeli, Beresheet, kiliuangukia kikiwa na viumbe hai wadogo mno, waliokaushwa. Mimi naona kulinda utafiti wa uhai peke yake hakutoshi. Mlima Olympus Mons wa Mirihi, wenye kimo cha kilomita zipatazo 22, wastahili heshima hata kama hapana mdudu atambaaye juu yake. Na wataalamu Charles Cockell na Gerda Horneck walikwisha kupendekeza, mwaka 2004, kwamba sehemu za Mirihi zitengwe ziwe hifadhi.

Kenya na Uganda zimo katika mkataba wa 1967, basi zina haki ya kusema. Na zidai hifadhi hizo ziandikwe katika sheria sasa, kabla makampuni hayajafika huko.