Kuchimba kwa Maji Kwenye Ardhi Kame

Anayechimba mtaro mahali kama Kinampanda, wilayani Iramba, mkoani Singida, mara nyingi hukisia tu kilichofukiwa chini ya sururu yake. Bomba la plastiki haligunduliwi na kifaa cha kutafuta chuma, na pigo moja linatosha kuwakatia watu maji.

Maji ya presha ni njia nyingine. Mtambo wake unafanana na gari la kunyonya majitaka, ila una pampu na fimbo ndefu yenye pua ya kurushia maji. Maji yanalegeza udongo, mpira mpana unanyonya tope hadi kwenye tangi, na bomba linabaki wazi bila kukwaruzwa. Masharti yapo. Jimboni Ontario, Canada, kikomo cha presha karibu na bomba la gesi ni bar 170 hivi, na fimbo haitulizwi mahali pamoja. Tairi la gari dogo lina bar 2 na ushee! Ngozi ya binadamu hutoboka kwa presha iliyo chini sana ya hiyo 170. Kidonda huonekana kidogo kwa nje ilhali maji yamekwishapenya ndani ya nyama, kwa hiyo aliyepigwa apelekwe hospitali hata kama anasema hajambo.

Sifa moja ya njia hii hutiwa chumvi: kwamba inazuia mtaro kuporomoka. Haizuii. Meta moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hivi, na kuta zikilowa ndiyo hatari inazidi. Faida yake ni kwamba mchimbaji anabaki juu, kwa sababu shimo la kuchungulia bomba linaweza kuwa na upana wa sentimeta 30 tu. Siku mtu akilazimika kushuka kwenye mtaro mrefu, mbao za kuzuia kuta zinahitajika kama zamani.

Halafu kuna maji yenyewe. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kati ya Novemba na Aprili hivi. Pampu ya lita 20 kwa dakika inakula ndoo nzima kila dakika. Jaribu kumweleza hilo mama aliye kwenye foleni ya kisima mwezi Septemba. Tope nalo halishindiliki vizuri juu ya bomba, hivyo lazima lisombwe. Huko California, wachimba dhahabu waliobomoa vilima kwa maji ya presha walizuiwa na mahakama mwaka 1884, baada ya tope lao kujaza mito na kuharibu mashamba.

Kwa hiyo Kinampanda nisingeuleta mtambo huu kuchimba mtaro mzima. Koleo, mashimo ya majaribio, na mzee wa kamati ya maji aliyeshuhudia bomba likilazwa vinatosha. Mtambo uende penye hatari kubwa, kama vile mtaro unapokatiza bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani, lenye kilomita 1,443, ambalo limepitishwa mkoani Singida. Na palipo pakavu mno, ipo mitambo inayotumia hewa badala ya maji: inakwenda polepole kwenye udongo mgumu, lakini udongo unatoka mkavu na unarudishwa shimoni siku hiyohiyo.