Nani Alikupeleka Kutazama?

Siku ya mchezo wa ng'ombe katika kijiji cha Pemba, iwe Kengeja, Pujini au kwingineko, kiwanja hakina ukuta wala jukwaa. Ukuta ni watu wenyewe. Dume mwenye nundu, amefungwa kamba ndefu, anaingizwa katikati ya duara. Zumari inalia, ngoma zinaitika, kina mama wanaimba kumchokoza. Kijana anaingia na kitambaa mkononi, anakitikisa mbele ya pembe. Dume anavamia, kijana anakwepa, na upande mmoja wa duara unapasuka kwa watu wanaokimbia. Muda si mrefu duara linajifunga tena, safari hii likiwa finyu kuliko mwanzo. Ng'ombe hauawi. Akishachoka hutolewa, akaingizwa mwingine, na mwenye dume mkali hurudi nyumbani na sifa.

Mgeni anayeona haya kwa mara ya kwanza huuliza kanuni. Nani kashinda? Pointi zinahesabiwaje? Mwamuzi yuko wapi? Hakuna pointi, hakuna mwamuzi, wala hakuna saa inayosema mchezo umekwisha. Mtoto wa miaka mitano aliyebebwa mabegani na ami yake hamuulizi mtu swali hata moja. Anapiga kelele watu wanapopiga kelele, ananyamaza wanaponyamaza, na ami akikimbia naye anaona dunia inaruka. Mtoto huyo ndiye atakayekuwa mtazamaji wa kudumu, si yule mgeni anayetafuta kanuni.

Watu wengi wanaamini kwamba mapenzi ya kutazama mchezo huanza kwa kuuelewa: ukishajua sheria na ukaona ufundi, unavutiwa. Ushahidi uliokusanywa na wanasaikolojia wa michezo unaelekeza kwingine. Mapenzi huanza kwa mtu aliyekupeleka, na uelewa hufuata nyuma, wakati mwingine baada ya miaka mingi.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka mbali sana na Pemba, kwenye mpira wa magongo wa barafuni, ambao Wakanada wanaupenda kama sehemu ya uhai wao. Ni mchezo mgumu kuuona. Badala ya mpira hutumika kisahani cheusi cha raba ngumu, chenye upana wa sentimita 7.6 na unene wa sentimita 2.5 tu, na kikipigwa vizuri huenda kwa kasi ya zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Mtazamaji mpya hupoteza muda mwingi akikitafuta. Mwaka 1996 kituo cha televisheni cha Fox cha Marekani kiliona hilo ndilo tatizo linalowafukuza Wamarekani. Kikatia vifaa vya elektroniki ndani ya kisahani ili kwenye skrini kionekane kikiwa na mwanga wa buluu kukizunguka, na mstari mwekundu nyuma yake kikipigwa kwa nguvu. Kitaalamu ilikuwa kazi kubwa. Lakini mashabiki wa siku zote waliuchukia mwanga ule, umati mpya uliotarajiwa haukuja, na kufikia 1998 mpango ukaachwa. Kuonekana kwa kisahani hakukutosha kumfanya mtu ampende mchezaji asiyemjua, wa timu ambayo hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuililia.

Mwanasaikolojia Daniel Wann wa Marekani, pamoja na wenzake, waliwauliza mashabiki kitu gani hasa kiliwafanya waanze kuifuata timu yao. Jibu lililojirudia kuliko mengine, katika utafiti uliochapishwa 1996, halikuwa ushindi wa timu wala ufundi wake. Lilikuwa wazazi na jamaa: baba alikuwa wa timu hiyo, basi na mimi. Wachezaji wenyewe, mahali mtu anapoishi na ushawishi wa marafiki vilitajwa pia, lakini familia ilitangulia. Mwingine, Robert Zajonc, alikwisha kuonesha mwaka 1968 kwamba binadamu huelekea kukipenda kitu kwa kukutana nacho mara nyingi tu, hata kama hakimwambii lolote. Kwa hiyo mtoto anayepelekwa kila msimu anapata vyote viwili: mazoea na mtu wake.

Lakini mazoea hayaelezi ule mshituko wa moyo. Hapo inabidi twende Hispania, katika kijiji kidogo cha San Pedro Manrique, ambako kila mwaka usiku wa kuamkia Juni 24 wanakijiji hutembea miguu mitupu juu ya makaa ya moto, mara nyingi mtu akiwa amembeba mwenzake mgongoni. Watafiti, miongoni mwao Ivana Konvalinka na Dimitris Xygalatas, waliwafunga vipima mapigo ya moyo wale wanaotembea motoni na baadhi ya watazamaji. Matokeo yalichapishwa 2011. Mapigo ya ndugu na marafiki waliokaa kwenye viti vyao bila kufanya lolote yalipanda na kushuka kwa kufuatana na mapigo ya mtu aliye juu ya makaa. Ya wageni waliokuja kutazama tu, waliokaa uwanja uleule na kuona moto uleule, hayakufuatana naye.

Nimeusoma utafiti huu mara nyingi na kila mara akili yangu hurudi Pemba. Anayeingia mbele ya dume pale Kengeja si mtu wa kuja. Ni mtoto wa fulani, aliyesoma skuli moja na wewe, mjukuu wa mzee aliyekuwa akisifika kwa kucheza zama zake. Bibi yake yumo duarani anaimba. Pembe zikimkaribia, moyo wa bibi hauko mbali na wake. Mtoto aliyeko mabegani haelewi hatari kwa maneno, ila anaihisi kupitia kifua na mabega ya ami anayembeba. Kwa hivyo hatari ya mtu mwingine inakuwa yake. Kwa maoni yangu, hii ndiyo siri kubwa ya mchezo wowote unaopendwa: mtazamaji amepata mtu wa kumwogopea.

Mji mkubwa unapopanga mchezo kwa watu wasiojuana, lazima utengeneze kwa njia nyingine undugu huu ambao kijiji kinao bure. Ndiyo kazi ya jezi, rangi, nyimbo za timu na majina ya utani. Hata mchezo wa barafuni ulipoingizwa ndani ya jengo kwa mara ya kwanza, mjini Montreal tarehe 3 Machi 1875, waandaaji walimfikiria mtazamaji tangu mwanzo: walitumia kipande bapa cha ubao badala ya mpira, kisije kikaruka na kuwaumiza waliosimama pembeni. Duara la Pemba halikupata kuwa na kinga ya namna hiyo, na sidhani kama watu wake wangeitaka. Kukimbia ni sehemu ya kutazama.

Asili ya mchezo wa ng'ombe wa Pemba husimuliwa kuwa ni Wareno, waliotawala pwani yetu hadi walipong'olewa Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Wazee wengi wanasema hivyo na vitabu vya wageni vimerudia. Mimi siipi nguvu sana hadithi hiyo. Kisiwani Madagaska vijana wa Betsileo humng'ang'ania dume nundu katika mchezo uitwao savika. Wangazija nao wana michezo yao ya ng'ombe. Na Oman, katika pwani ya Batina, watu hukusanyika kutazama madume wawili wakisukumana vichwa. Bahari ya Hindi ina mapenzi ya zamani na fahali, na mfugaji hahitaji Mreno ili agundue kwamba dume mkali ni kitu cha kutazamwa.

Kuna jambo moja linaloonekana kuipinga hoja yangu kwamba mapenzi huanza kwa mtu aliyekupeleka kutazama. Wapemba wengi wamekufa na kuzikwa wakiwa Simba au Yanga bila kuvuka bahari kwenda kuziona. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, zote Dar es Salaam, na kwa miongo mingi mtu wa Konde au Micheweni alizijua kwa redio peke yake. Wakanada walipitia njia hiyohiyo. Foster Hewitt alianza kutangaza michezo ya barafuni kwenye redio mjini Toronto mwaka 1923, na baadaye matangazo ya Jumamosi usiku yakawa ibada ya familia nchi nzima, kwa watu waishio mashambani mbali na kiwanja chochote kikubwa. Inakuwaje mtu apende kwa sikio kitu ambacho hajakiona kwa jicho?

Inakuwa kwa sababu redio haikusikilizwa na mtu akiwa peke yake. Betri zilikuwa ghali na redio chache, kwa hiyo sauti ya mtangazaji ilifika barazani mbele ya watu kumi au ishirini. Kijana alijifunza timu yake kwa kutazama nyuso: mzee gani ameinama, nani ameruka, nani ameondoka bila kuaga. Novemba 1993 Simba ilipofungwa 2–0 nyumbani na Stella Abidjan katika fainali ya Kombe la CAF, wako watoto waliokuwa visiwani ambao hawakuona hata dakika moja ya mchezo ule, lakini mashabiki wa Simba wa umri huo watakwambia mpaka leo nani alikuwa barazani. Televisheni nayo ilianza hivyo. Zanzibar iliwasha televisheni ya rangi mwaka 1974, miaka 20 kabla ya Tanzania Bara kupata kituo chake cha kwanza, na seti moja ilitosha mtaa. Picha ilikuwa mpya, lakini duara la watu lilikuwa lilelile.

Tarehe 13 Januari 2025 Pemba ilipata zamu yake. Fainali ya Kombe la Mapinduzi ilichezwa Uwanja wa Gombani, Chake Chake, na Zanzibar ikaifunga Burkina Faso 2–1. Kuhusu ushindi wa namna hiyo kuna uchunguzi wa Robert Cialdini na wenzake, wa 1976, katika vyuo vikuu saba vya Marekani: timu ya chuo ikishinda, wanafunzi wengi zaidi walivaa nguo zenye jina la chuo Jumatatu iliyofuata, na walipoulizwa kuhusu mechi, walisema tumeshinda kwa wepesi kuliko walivyosema tumefungwa. Kwa aliyekua kati ya Simba na Yanga hilo si geni. Lakini kwa mtoto wa Chake Chake aliyekuwa Gombani siku ile, neno tumeshinda halikuwa la kuazima. Alikuwepo, na wachezaji walikuwepo, na aliyempeleka alimshika mkono.

Nairobi inatuonesha kinachotokea pale ambapo hakuna baba wa kumpeleka mtoto kwa sababu baba mwenyewe hajawahi kuona mchezo. Mwaka 2005 kiwanja kidogo cha barafu kilifunguliwa katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Wageni waliozoea barafu kwao waliwavuta Wakenya, Wakenya wakavuta marafiki na ndugu zao, ikazaliwa timu ya Ice Lions. Mwaka 2018 baadhi yao walisafirishwa hadi Kanada na kampuni moja ya kahawa, wakacheza bega kwa bega na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo. Ushabiki wa kizazi cha kwanza umewezekana, basi, ila hata huo ulipita mkononi mwa mtu: kaka, jirani, mwalimu. Barafu peke yake isingemvutia mtu.

Ninaogopa simu zaidi ya ninavyoogopa kusahaulika kwa kanuni. Leo kijana wa Wete anaweza kuangalia mabao ya Ulaya yote kitandani, masikioni ameziba visikilizio, na asimwone mtu mmoja akitabasamu au kuumia. Anajua takwimu za wachezaji kuliko baba yake alivyowahi kuzijua. Timu ikifanya vibaya misimu miwili anahamia nyingine, na hakuna anayemzuia kwa sababu hakuna aliyemwingiza.

Kwa waandaaji wa mchezo wa ng'ombe nina neno moja. Wapo wanaopenda kuupeleka karibu na mahoteli, kwa saa maalumu, watalii wakiwa kwenye viti. Wageni wakaribishwe, na pesa yao ina kazi. Lakini ukimwondoa kijana mbele ya bibi yake na wanaomjua kwa jina, kinachobaki ni ng'ombe na kitambaa, na mgeni ataona hicho tu, kama wale wa San Pedro Manrique. Mchezo ubaki kijijini na wageni waufuate huko.

Na wewe msomaji, zumari ikilia kijijini kwenu msimu ujao, mchukue mtoto, wako au wa jirani. Simameni nyuma, mbali na urefu wa kamba, penye njia ya kukimbilia. Usimweleze kanuni. Mtajie majina ya wanaoingia na watoto wa nani.