Damu ya Mtoto na Dhana ya Baba

Wako waungwana wengi wanaodhani kuwa mtoto hana budi kuwa na kundi la damu la babake. Siku hizi, mama mjamzito akipimwa kliniki kundi lake huandikwa kitabuni, na mtoto naye akiugua hupimwa yake. Basi karatasi ya maabara husomwa na waume wasiojua kuisoma. Baba ni A, mtoto ni O. Maneno huanza hapo, na hadi yatufikie sisi masheikh huwa yameshapita kwa mavyaa na mashangazi, na mke ameshavunjiwa heshima.

Tumtazame Mtume (S.A.W.) kabla ya daktari. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Hurayra (R.A.) kisa cha mtu wa Bani Fazara aliyekuja kueleza kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi, akidokeza kuwa si wake. Mtume hakumwuliza lolote kuhusu mkewe. Alimwuliza kama ana ngamia, na rangi zao. Akajibu kuwa ni wekundu. Je, hamna kati yao wa rangi ya majivu? Akakiri kuwa wamo. Wamezipata wapi rangi hizo? Akasema pengine ni asili ya nyuma iliyowavuta. Mtume akamjulisha kuwa huenda mwanawe naye amevutwa vivyo hivyo, wala hakumruhusu kumkana.

Asili ya nyuma ndiyo siri ya damu pia. Karl Landsteiner, tabibu wa Vienna, aliyatangaza makundi ya damu mwaka 1901, na wataalamu waliomfuata wakabainisha yanavyorithiwa. Kila mtu amebeba herufi mbili, moja ya mamake na moja ya babake, naye humpa mwanawe moja tu kati ya hizo. A na B husomeka popote zilipo. O haisomeki ikiwa na mwenziwe; ni kama ile lamu ya ash-shams, imeandikwa lakini ulimi hauitamki. Kwa hivyo aliyeandikiwa A huenda ndani yake ni A na O. Mume na mke wakiwa hivyo wote wawili, kila uzazi una fungu moja kati ya manne la kuleta mtoto wa O. Baba wa A na mama wa B, kila mmoja akiwa na O iliyofichika, huweza kupata watoto wa makundi yote manne kwa tumbo moja. Na la ajabu zaidi: baba akiwa O na mama AB, watoto kwa kawaida huwa A au B, wasifanane na mzazi hata mmoja!

Ni kweli kuwa mzazi wa AB kwa kawaida hazai mtoto wa O. Lakini maabara hukosea, vichupa hubadilishana, na kuna damu adimu ambayo kipimo cha kawaida huisoma kama O ilhali mwenyewe amebeba A au B. Iligunduliwa Bombay mwaka 1952, na sisi wa Pwani twajua ni nyumba ngapi zina nasaba ya Bara Hindi.

Sharia haikuuacha mlango huu wazi. Mume anayemkana mtoto njia yake ni liani, kwa viapo mbele ya kadhi, si kwa minong'ono barazani. Baraza la Fiqhi la Rabita lilikata shauri huko Makka mwaka 2002 kuwa hata kipimo cha DNA hakichukui nafasi ya liani katika kukanusha nasaba. Herufi moja ya damu itakuwa na uzito gani basi?

Akina mama, lililo muhimu zaidi kwenu katika karatasi hiyo ni alama ya chanya au hasi, iitwayo resusi. Mama wa hasi akimzaa mtoto wa chanya, damu zao huweza kuchanganyika, na mwili wake ukajifunza kuipiga vita damu hiyo. Mtoto wa kwanza mara nyingi husalimika. Anayefuata huweza kupungukiwa na damu, kupata manjano kali, au kufia tumboni. Kinga yake ni sindano ya anti-D, nayo hudungwa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Mimba ikiharibika pia, mwambie daktari au mkunga mapema kuwa damu yako ni hasi.