Zinki Si ya Mabati Pekee

Majuzi mpwa wangu, ambaye ni mja mzito wa miezi mitano, alinijia nyumbani na karatasi aliyopewa kliniki. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza kitupu, nayo ilimhimiza ale vyakula vyenye madini kadha wa kadha. Aliniwekea kidole kwenye jina moja, akaniuliza: "Mjomba, zinki hii si ndiyo ile inayopakwa mabati? Sasa mimi nitaila vipi?"

Nilicheka, kisha nikaona haya. Mimi ambaye kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi jinsi maneno yanavyokopwa na kutoholewa sikuwa na jibu la kumfaa. Ningeweza kumweleza kwamba asili ya neno hilo ni Kijerumani, lakini asili ya neno haimshibishi mtu.

Ikanilazimu kusoma. Naam, zinki iyazuiayo mabati kushika kutu ndiyo hiyo hiyo ihitajiwayo na mwili, ila kwa kiasi kidogo mno. Kwa vipimo vifuatwavyo Marekani, mwanamke mzima huhitaji miligramu 8 kwa siku. Akishika mimba huhitaji 11, na anyonyeshapo 12. Bila zinki seli hazigawanyiki ipasavyo, mwili haukui vyema na kinga ya maradhi hudhoofika.

Maziwa ya mama huwa na zinki nyingi katika majuma ya mwanzo, kisha hupungua mwezi baada ya mwezi. La ajabu ni kwamba chakula cha mama hakibadilishi sana kiasi hicho. Mwili wake humtanguliza mtoto, hata akiba yake mwenyewe ikiwa inapungua. Mtoto atimizapo miezi sita, maziwa peke yake hayamtoshi tena.

Aliyegutusha ulimwengu kuhusu upungufu huu ni daktari Ananda Prasad, mzaliwa wa India. Mnamo 1958, huko Shiraz nchini Iran, alimwona kijana wa miaka 21 aliyekuwa na kimo cha mtoto. Chakula chake kilikuwa mkate wa ngano isiyokobolewa, na juu ya hayo alikuwa akila udongo. Katika miaka ya 1960, uchunguzi uliofanywa Misri ulithibitisha kwamba vijana wa aina hiyo walipungukiwa na zinki.

Je, msomaji, kisa hiki kiko mbali nasi? La hasha! Nani asiyeijua odowa iuzwayo sokoni, ambayo waja wazito wengi huitafuna? Udongo waweza kunasa madini tumboni yasifyonzwe. Aidha, mahindi na maharagwe yana kitu kiitwacho fitati, ambacho huishika zinki na kuizuia kuingia mwilini.

Hata hivyo, mabibi zetu walikuwa na dawa yake bila kuijua kwa jina. Uji uliochachishwa, kimea cha wimbi na maharagwe yaliyorowekwa na maji yake kumwagwa hupungukiwa na fitati. Omena, nyama na mbegu za maboga nazo huongeza zinki. Tena, tangu 2012 sheria yetu inawataka wenye viwanda watie zinki na madini ya chuma katika unga wa mahindi na wa ngano. Lakini unga wa kinu cha posho kijijini, ambao ndio chakula cha wengi, kwa kawaida haupati nyongeza hiyo.

Sisemi kwamba waja wazito wakimbilie tembe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2016, halikupendekeza kila mja mzito apewe tembe za zinki, ila katika utafiti tu. Zinki ikizidi huuzuia mwili kufyonza shaba. Anayestahili kuamua ni mhudumu wa afya.

Kinachonikera mimi ni ile karatasi. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Iweje basi ushauri unaogusa uhai wa mama na mwana uandikwe kwa lugha ambayo mlengwa haielewi? Wako wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Dai hili halina mashiko. Neno zinki tunalo. Tulilokosa ni sentensi ya kulifungamanisha na omena, uji na odowa.

Walimu wenzangu, hebu tuwape wanafunzi wetu kazi ya kuandika insha ya ukurasa mmoja ambayo mama wa kijijini ataielewa. Nanyi wanafunzi, zisomeeni mama na dada zenu.

Mpwa wangu nilimwandikia mistari kumi kwa Kiswahili. Aliisoma, akaikunja, akaniambia: "Kumbe ni mambo ya jikoni tu, Mjomba!" Odowa ameiacha, na maharagwe sasa anayaroweka usiku kucha.